Kiti cha Motokaa ya Njia Mbaya

Mtu afikaye Lubumbashi na motokaa iliyoharibika hana haja ya kuuliza mara mbili. Ataonyeshwa upesi fundi wa injini, fundi wa breki, fundi wa umeme, na yule achomeleaye vyuma kando ya njia huku amefumba jicho moja (jambo la hatari, lakini tuliache kwa leo). Watu huwasifu mafundi hao, maana kazi yao huonekana mara: injini ilikuwa kimya, sasa yanguruma. Lakini yuko fundi mwingine ambaye sifa zake ni chache, naye ni yule atengenezaye viti. Kwa Kifaransa huitwa garniseri. Wengi humhesabu kuwa mpambaji tu, kama mtu atungikaye mapazia nyumbani. Hesabu hiyo si ya haki, hasa tukitazama zile motokaa za zamani zilizoundwa kwa ajili ya njia mbaya, kama Jeep, Land Rover na Land Cruiser. Katika motokaa za namna hiyo kiti kibaya chaweza kumharibu mtu mgongo polepole kwa miaka mingi, au kumwua siku moja.

MOTOKAA ILIYOZALIWA BILA MITO

Tuanze na asili yake. Mwaka 1947 Bwana Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep kuukuu iliyobaki toka vita, akiitumia shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey. Akaona kwamba siku Jeep ile itakapokufa, hakuna motokaa ya Kiingereza iwezayo kushika mahali pake. Ndipo yeye na wenzake wakaanza kuiunda. Katika gari la kwanza la majaribio usukani uliwekwa katikati, na dereva akaketi katikati kama mtu aketivyo juu ya trekta, ili motokaa hiyo moja ifae nchi zinazopita kushoto na nchi zinazopita kuume. Wazo hilo liliachwa upesi, lakini sisi wa Katanga twalielewa vizuri. Hapa kwetu twaendesha upande wa kuume. Ukivuka mpaka Kasumbalesa na kuingia Zambia, mara wapita kushoto. Kwa hiyo fundi wa viti wa Lubumbashi huletewa motokaa zenye usukani huku na zenye usukani huko. Tutaona baadaye kwamba tofauti hiyo kwake si ndogo.

Land Rover ilionyeshwa mbele ya watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Siku zile baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kipimo, hivyo mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Mwanzoni vitu vingi vilihesabiwa kuwa vya ziada: milango, paa, hata mito ya abiria. Mnunuzi alidhaniwa kuwa mkulima, na mkulima hakutazamiwa kudai raha. Toka mwaka 1952 kampuni ya Minerva ya Antwerp, nchini Ubelgiji, iliunda Land Rover kwa ruhusa ya Waingereza, zenye mwili wa chuma, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Wajapani nao hawakukaa bure. Toyota iliunda motokaa yake ya namna ya Jeep mwaka 1951, ikaipa jina la Land Cruiser mwaka 1954, na toka mwaka 1960 hata mwaka 1984 ikauza dunia nzima ile iitwayo 40. Baada yake ikaja ile ya 70, ambayo hata leo huundwa, nayo ndiyo twaiona kila siku mikononi mwa waganga, mapadre, watu wa migodi na walinzi wa mbuga za Upemba na Kundelungu. Land Rover yenye umbo lile la kale iliisha kuundwa Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Basi, mtu mwenye Land Rover ya mwaka 1965 au Land Cruiser ya mwaka 1978 ana kitu cha ajabu. Mwili wa aluminiamu haushikwi na kutu kama chuma, na injini yaweza kufanywa upya mara tatu. Lakini kiti hakivumilii hivyo. Jua hukausha ngozi yake mpaka ikapasuka. Mvua hupenya chini ya turubai. Panya hujenga ndani. Jasho na vumbi jekundu huzila nyuzi za mshono. Viti vipya vya mtindo wa zamani bado vyashonwa Uingereza kwa ajili ya wapenzi wa motokaa hizo, lakini mtu akijumlisha bei, safari na ushuru, atakuta amelipa thamani ya injini kwa ajili ya mahali pa kukalia. Kwa sababu hiyo lazima kiti kitengenezwe hapa, kwa mkono, kwa kipimo cha motokaa ile na cha mtu yule.

NJIA HUFANYA NINI NDANI YA MTU

Waliosafiri kwenda Mitwaba au Pweto hawahitaji maelezo. Wakati wa mvua, toka Novemba hata Aprili, ni matope na mashimo. Wakati wa kiangazi udongo hukauka na kufanya mawimbi madogo madogo kama mbao za kufulia nguo. Motokaa za zamani zimewekwa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, imara kweli, lakini ngumu. Kila wimbi la njia hupanda toka gurudumu hata springi, toka springi hata shasi, toka shasi hata kiti, na toka kiti huingia katika uti wa mgongo.

Wataalamu wa mitetemo wamepima jambo hili. Mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitetemo ya juu na chini ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde moja, kwa sababu katika kadiri hiyo matumbo na uti wa mgongo hucheza pamoja na kuongeza mtikisiko badala ya kuupunguza. Madereva waliokaa miaka mingi katika magari makubwa na matrekta wameonekana kuwa na maumivu ya kiuno kuliko wenzao. Si ajabu basi kwamba dereva hodari, mwenye macho mema na mikono yenye nguvu, huacha kazi yake kabla ya uzee, naye husema ni homa ya viungo.

Hapo ndipo huja kosa la kwanza la mwenye motokaa. Hufika kwa fundi na kusema: “Baba fundi, nitengenezee kiti laini kama godoro.” Fundi mwoga humtii. Mteja hubonyeza mto kwa kidole gumba, hutabasamu, hulipa, huenda zake. Kumbe mto ulio laini mno huzama wote chini ya uzito wa mtu, na katika shimo la kwanza matako yake yagonga ubao kana kwamba hakuna mto kabisa. Tena mtu aliyezama hawezi kugeuza mwili. Misuli ya mgongo hushindana na mto saa zote tatu za safari. Kiti chema cha njia mbaya huonekana kigumu kidogo dukani, nacho huonekana laini jioni, baada ya kilometa 150. Mimi nasema wazi: fundi asiyeweza kumkatalia mteja wake neno hili hajafika bado katika ufundi.

KAZI YA WATU WATATU

Kiti ni kazi ya mafundi watatu katika mtu mmoja: fundi wa chuma, seremala na mshonaji. Katika shule za ufundi kazi hizi hufundishwa katika vyumba mbalimbali. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mji huu mwaka 1911 ulipoitwa bado Élisabethville, wamefundisha vijana ufundi kwa vizazi kadhaa, na Cité des Jeunes yao hata leo yafanya kazi hiyo. Kijana hutoka akijua chuma, mwingine akijua mbao, mwingine akijua sindano. Hayo ni mema. Lakini ukichunguza kiti kilichoharibika upesi, mara nyingi hutaona kwamba chuma kilikuwa kibaya, wala mbao, wala ushonaji. Utaona kwamba kosa lilizaliwa mpakani, mahali fundi mmoja alipomkabidhi mwenzake.

Achomeleaye chuma huacha ncha kali, akisema, si kitu, itafunikwa. Ndiyo, itafunikwa, na baada ya miezi miwili ncha ile itakuwa imetoboa sponji na kuikata ngozi ya kiti toka ndani, na watu watamlaumu mshonaji. Seremala hutia ubao mzima chini ya mto, mzuri, uliopigwa msasa, bila tundu hata moja. Sasa mtu aketipo, hewa iliyomo ndani ya sponji yatafuta njia ya kutoka. Haikuipata chini, basi hutoka kwa nguvu penye mishono, na kila shimo la njia ni kama pigo la mvukuto, mpaka nyuzi zikakatika. Matundu manane au kumi, kila moja la upana wa kidole, yangeokoa kazi yote. Mshonaji naye hufunga kiti pande zote kama gunia la chumvi, maji ya mvua yakiingia hayatoki, na chuma cha mwenzake huoza gizani. Kila mmoja alifanya vema sehemu yake!

Kwa hiyo fundi mwenye akili huanza kwa kufikiri kinyumenyume. Kabla hajakata bomba la kwanza, hujiuliza ngozi ya juu itafungwa wapi, kwa pete za waya au kwa misumari midogo, na mkono utapita wapi kuzifunga.

KIUNZI NA TANGI LA MAFUTA

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Tuseme ameletewa Land Rover ile fupi, ya mwaka 1965, ambayo viti vyake vya mbele ni vitatu vilivyopangwa sambamba. Jambo la kwanza si kupima wala kukata. Jambo la kwanza ni kukumbuka kwamba katika Land Rover hiyo tangi la mafuta limo chini ya kiti cha mkono wa kuume. Ikiwa motokaa ilitoka upande wa Zambia, dereva ndiye akaliaye tangi. Ikiwa usukani wake u kushoto, ni abiria. Upande wa pili chini ya kiti ni sanduku la vyombo. Mtu asijaribu kamwe kuchomelea chuma cha kiti kingali ndani ya motokaa. Asijidanganye kwamba tangi ni tupu, maana tangi tupu la esansi ni la hatari kuliko lililojaa: mvuke uliobaki, ukichanganyika na hewa, hulipuka kwa cheche moja. Kiunzi kitolewe nje, kipelekwe mbali, kichomelewe huko, kirudishwe kikiwa baridi.

Viunzi vya zamani vikiwa bado na nguvu, visitupwe. Visuguliwe kutu, vichunguzwe kwa kugonga na nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hukohoa. Kama lazima kufanya kipya, bomba la milimita 25 lenye unene wa milimita 2 latosha kwa kiti cha mtu mmoja. Kila kona ipigwe tupa mpaka kidole kipite juu yake bila kuogopa. Chini kabisa yatobolewe matundu madogo ya kutoa maji. Tena kumbuka kwamba sanduku ambalo kiti chakaa juu yake ni la aluminiamu, na chuma kikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe. Kipande cha mpira kati ya hivyo viwili, hata kilichokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, chazuia uharibifu huo.

Lakini neno kubwa ni namna ya kukifunga kiti. Wanafunzi wapendao hesabu wapige hesabu hii nami. Mtu wa kilo 70 yumo katika motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa. Motokaa yagonga mti, na mtu huyo asimama katika nafasi ya nusu meta. Nguvu itakiwayo kumsimamisha ni karibu sawa na uzito wa kilo 1,400. Nguvu hiyo yote yapita katika mkanda wa usalama, katika kiti, na katika bolti zake. Sasa tazama viti vingi vya mitaani: vimeshikwa kwa skrubu za mbao, au kwa bolti mbili nyembamba zilizopita katika bati la aluminiamu lenye unene wa gamba la yai! Katika ajali kiti kama hicho chang'oka pamoja na mtu wake, nacho humsukuma toka nyuma.

Bolti ya haki ina alama juu ya kichwa chake; ile iliyoandikwa 8.8 ni ya chuma chenye nguvu ya kutosha. Bolti ipite katika bati, na chini yake kuwe na kipande cha chuma chenye unene usiopungua milimita 3 na upana kama kiganja, ili kugawanya nguvu. Motokaa za miaka ile mara nyingi hazina mikanda ya usalama. Mkanda wenye ncha tatu, uvukao kifua na nyonga, ni kazi ya Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni hiyo iliwaachia wengine wote kuutumia. Atakayeutia katika motokaa ya zamani aufunge penye shasi au penye nguzo za chuma zilizoimarishwa. Kuufunga kwenye ubao wa kiti ni kujifunga kwenye jiwe na kujitupa mtoni.

Katika motokaa ndefu kuna tena yale mabenchi mawili ya nyuma, yaelekeayo, ambapo watu huketi wakitazamana. Yabeba watu wengi, ndiyo sababu yapendwa. Lakini aliyeketi ubavu kwa mwendo, motokaa isimamapo ghafla, hana kitu mbele ya bega lake ila jirani yake. Kama motokaa yachukua watoto wa shule, heri kupunguza hesabu na kufanya viti vitazamavyo mbele. Najua jibu litakalokuja: nani atalipa nafasi zilizopungua? Swali hilo ni la haki, na kila mwenye motokaa atalijibu mbele ya wazazi wa watoto hao, si mbele yangu.

SPONJI YAPIMWA KWA MIZANI

Zamani viti vilijazwa singa za farasi, makumbi ya nazi, na huko pwani sufi ya msufi. Mpira wenye povu ulitolewa na kampuni ya Dunlop mwaka 1929. Na mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, waligundua kitu kiitwacho poliuretani, ambacho ndicho sponji ya leo. Waliosoma Kifaransa huiita musi.

Sponji zote hufanana machoni, na wauzaji wajua. Lakini mizani haidanganyiki. Kata kipande cha sentimeta 50 kwa 50, unene sentimeta 10. Sponji ifaayo kiti cha motokaa huwa na kilo 40 hivi kwa meta moja ya ujazo, kwa hiyo kipande chako kitakuwa na uzito wa kilo moja kamili. Kikiwa na gramu 450 tu, hiyo ni sponji ya godoro la bei nafuu. Itakuwa bapa kama chapati kabla ya Krismasi. Fundi mwema hutia tabaka mbili: chini ile ngumu, juu yake sentimeta 2 au 3 za ile laini zaidi. Chini ya zote ni ubao wa tripleksi wenye matundu, au mikanda ya mpira iliyosukwa na kuvutwa, ambayo hupokea mtikisiko vizuri kuliko ubao.

Je, unene uwe gani? Hapa Land Rover yenyewe hutoa amri. Nyuma ya viti vyake kuna ukuta, na kiti hakiwezi kurudi nyuma zaidi. Kila sentimeta uongezayo katika mgongo wa kiti humsukuma dereva kuelekea usukani. Kila sentimeta uongezayo katika mto humpandisha kichwa kuelekea paa na magoti kuelekea usukani. Mtu mrefu, kama walivyo wengi kwetu, atakaa kama panzi. Kwa hiyo mwenye motokaa aje mwenyewe, aketi juu ya kiunzi chenye sponji tupu kabla haijafunikwa, avae viatu vyake vya kazi, akanyage klachi mpaka chini. Kati ya ukingo wa mto na upande wa nyuma wa goti pabaki nafasi ya vidole vitatu, damu ipite. Mbele ya mto pawe juu kuliko nyuma kwa sentimeta 3 au 4, ili mtu asiteleze penye breki. Mgongo wa kiti ulale kidogo tu, na penye mkanda wa suruali pawe na uvimbe mdogo wa kuushika uti. Kazi hii ya kumketisha na kumwinua huchukua saa moja au mbili, na wateja huchoka. Wasichoke, ndiyo sababu ya kwenda kwa fundi badala ya kununua kiti kilichotolewa katika motokaa nyingine.

Vipande vya sponji vilivyobaki visichomwe moto uani, kama nionavyo mara nyingi. Moshi wake una sumu kali. Gundi nayo itumike nje penye upepo, na kopo lifungwe mara, kwa ajili ya mapafu ya fundi na kwa ajili ya watoto wa njiani.

NGOZI, SKAI NA TURUBAI

Land Rover za miaka ya 1960 zilivikwa kitambaa cha plastiki cha rangi ya kijivu, chenye mikunjo midogo, ambacho Waingereza walikiita ngozi ya tembo. Hakuna tembo aliyeuawa kwa ajili yake. Leo wengi hutumia skai ya namna hiyo hiyo. Ni rahisi kupangusa matope, lakini katika jua la Septemba huunguza mapaja na kutoa jasho. Ngozi ya ng'ombe ni nzuri kwa macho, lakini yataka mafuta na matunzo, na katika motokaa iliyo wazi hukauka upesi. Kwangu mimi turubai nene la pamba ndilo lifaalo zaidi njia za Katanga: lapumua, laweza kufuliwa, nalo likichanika lashonwa na mtu yeyote mwenye sindano. Wenye kupenda kung'aa watanicheka.

Ngozi ya zamani isichanwe kwa hasira. Ifumuliwe mshono kwa mshono, vipande vitandazwe juu ya gazeti na kuchorwa, maana vipande hivyo ni kigezo kisicholipiwa. Lakini fundi akumbuke kwamba kitambaa cha miaka mingi kimevutika, hivyo asikifuate kwa upofu. Kitambaa kipya kikatwe kidogo kuliko sponji, sentimeta moja au mbili kila upande, ili kikivikwa kiibane. Kikiwa sawasawa na sponji, kitakunjamana baada ya mwezi mmoja. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, si pamba, kwa sababu pamba huoza. Na tundu za sindano zisisongamane. Kati ya moja na nyingine ziachwe milimita 4 au 5. Mshonaji wa nguo hupenda mishono midogo iliyokaribiana, naye yu sahihi kwa shati. Lakini skai iliyotobolewa hivyo huchanika kwa mstari kama stempu za posta.

Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi za baridi, skai ya Lubumbashi huwa ngumu kama bati. Kuivuta wakati huo ni kutafuta mpasuko. Itandazwe juani mpaka saa sita, ndipo ivikwe ikiwa na ujoto. Ianzwe katikati ya kila upande, kwanza mbele, kisha nyuma, kisha ubavuni, na kona ziwe za mwisho. Anayeanza na kona humaliza na mikunjo.

Baada ya kazi yote kwisha, motokaa ipelekwe njia mbaya, isipelekwe ya lami, na mwenyewe akiendesha. Ikirudi, bolti zote zijaribiwe kwa spana, kisha tena baada ya kilometa 500, maana rangi na mpira vilivyo chini yake hukaa mahali pake polepole na bolti hulegea. Na ifikapo mvua kubwa ya kwanza ya Novemba, mto uinuliwe, mkono upitishwe chini ya ubao. Kama pana maji, toboa tundu jingine.